Wasomaji Wanauliza: Shamba liko kijijini, wewe uko Dar. Uanzie mlango gani?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaoishi Dar es Salaam na kulima Kisarawe, Mkuranga au Kilosa. Wengi wamezunguka ofisi za mjini mpaka soli za viatu zimeisha, kumbe jambo lao linamalizwa na mtendaji wa kijiji, shamba lilipo. Wachache mambo yao ni kinyume: wanahangaika kijijini na tatizo ambalo mtaalamu wake yuko Mikocheni.

SWALI: Nina ekari sita za mahindi Kisarawe. Nimekwenda kwa wakala wa pembejeo hapa mjini, hela mkononi, nikaambiwa simo kwenye mfumo wa mbolea ya ruzuku. Kitambulisho cha Taifa ninacho. Kwa nini nanyimwa? – Msomaji, Tabata

JIBU: Kitambulisho peke yake hakitoshi, ndugu yetu. Tangu utaratibu huu uanze msimu wa 2022/2023, mkulima anaandikishwa kwenye kijiji au mtaa shamba lilipo, na kinachomtambulisha kwa wakala ni namba anayopewa baada ya kuandikishwa. Nenda Kisarawe, kwa mtendaji wa kijiji au afisa ugani, ukiwa na kitambulisho, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na idadi ya ekari kwa kila zao. Ukishaingizwa, hakikisha namba yako ya mkulima imekufikia kwenye simu kabla hujaondoka ofisini. Msimu unaofuata rudi kuhuisha taarifa, hasa kama umebadilisha laini au umeongeza shamba. Kwa mvua za vuli usisubiri Oktoba. Agosti ndiyo wakati. Kwa masika, nenda Januari.

Makosa tunayoyaona mara nyingi ni mawili. La kwanza ni kumwachia msimamizi wa shamba ajiandikishe kwa jina lake na simu yake. Mkikosana, kwenye mfumo mbolea ni yake. La pili ni kutaja ekari pungufu kwa kuogopa kodi. Kiasi unachoruhusiwa kununua kinatokana na ekari ulizotaja. Kwa mahindi, kipimo kinachotumika sana ni mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 kwa ekari wakati wa kupanda, na mfuko mmoja wa urea wa kukuzia. Ukisema una ekari mbili, za hizo nne nyingine utalipa bei ya soko.

Jambo jingine la kushika: ruzuku haitumwi kwenye simu yako. Serikali inamlipa mwenye mbolea, wewe unalipa bei iliyopunguzwa dukani. Kwa hiyo mtu anayekupigia akitaka utume hela ya "kufungua ruzuku" ni tapeli. Wakala halali anaingiza namba yako na kuskani alama iliyo kwenye mfuko. Akikataa kuskani, usichukue mfuko huo, na taarifa ipeleke TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea.

Ardhi ya Kisarawe sehemu nyingi ni ya kichanga, urea inashuka na maji haraka. Igawe mara mbili, wiki ya tatu na wiki ya sita baada ya mahindi kuota, uifukie. Na kama unaweza, pima udongo kwanza. Chimba sehemu 15 hadi 20 kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 20. Ruka vichuguu, njia, chini ya miti na palipolala samadi. Changanya udongo kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati huachia zinki na kuharibu majibu. Toa nusu kilo, ianike kivulini mpaka ikauke, ifunge ukiandika eneo, tarehe, zao lililopita na unalotaka kupanda. Udongo mbichi uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni hubadilika njiani, na naitrojeni utakayosomewa siyo ya shamba lako. Maabara zinazofanya kazi hii ni za TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

SWALI: Mihogo yangu Mkuranga ina majani mengi mazuri. Nimeng'oa, ndani mizizi imeoza, ina madoa ya kahawia makavu kama kizibo cha chupa. Bwana shamba anasema niongeze samadi. Ni kweli? – Mama wa Mbagala

JIBU: Samadi haitasaidia, mama. Dalili ulizoeleza ni za michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi. Watu wa Pwani wanauchanganya na batobato kwa sababu yote miwili inaenezwa na nzi weupe pamoja na mbegu, yaani pingili. Batobato unaiona mapema: majani machanga yanajikunja na kuwa na mabaka. Michirizi ya kahawia inajificha. Tazama majani ya chini, yaliyokomaa: yana unjano unaofuata mishipa ya jani. Kisha kagua shina bichi kama lina mistari ya kahawia. Mmea unaweza kuonekana mzima kabisa huku mizizi inateketea, ndiyo maana wengi hugundua siku ya kuvuna.

Hauna dawa. Kupulizia nzi weupe ugonjwa ukiwa tayari ndani ya mmea ni kutupa hela. Vuna mapema ile iliyobaki, kwa sababu kadiri inavyokaa ardhini uozo unaongezeka. Usichukue hata pingili moja ya shamba hilo kuwa mbegu, wala usimpe jirani. Hapa ndipo ugonjwa unapopata miguu: mtu anagawa fimbo za muhogo kwa moyo mwema, na virusi vinahamia kijiji kizima.

Mbegu safi tafuta kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu. Afisa ugani wa kata anaweza kukupa majina yao. Kwa ukanda wa Pwani, Kiroba ni aina inayofahamika kwa kuvumilia michirizi ya kahawia. Kuvumilia maana yake inaambukizwa lakini inaendelea kuzaa. Usidhani ina kinga kamili. Hesabu yako ni hii: nafasi ya mita moja kwa mita moja inachukua mashimo kama 4,000 kwa ekari, na kila shimo pingili moja ya sentimita 20 hadi 25 yenye macho matano hadi saba. Msimu wa kwanza nunua kidogo, panda mbali na shamba la zamani, ng'oa kila mche wenye dalili katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha zalisha mbegu zako mwenyewe.

Ukitaka uhakika wa maabara, TARI wana kituo Mikocheni, hapa hapa Dar, kilichofanya kazi kwa miaka mingi na minazi na magonjwa ya virusi vya muhogo. Kingine kiko Kibaha. Usipeleke mmea uliokufa. Chukua majani kutoka mimea mitatu au minne, sehemu ambapo unjano unakutana na kijani, pamoja na kipande cha shina na mzizi. Funga kwenye gazeti. Kwenye nailoni vinatoa jasho na kuoza. Fika siku hiyo hiyo, ukiwa na picha za shamba zima kwenye simu.

SWALI: Tuko akina mama kumi na wawili Chanika, tunalima mchicha na bamia. Benki wanataka hati ya nyumba. Hakuna mahali wanapokopesha bila hati? – Mwenyekiti wa kikundi

JIBU: Wapo, na kwenu mlango uko karibu sana: afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya wa maombi kwenye mfumo wa mtandaoni. Afisa wa kata ndiye anayewaongoza kuingia humo.

Andaeni katiba ya kikundi, cheti cha usajili, muhtasari wa kikao mlichokubaliana kukopa wenye saini zenu wote, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na andiko la mradi. Andiko ndilo linaloangusha vikundi vingi, kwa kuwa limenakiliwa kutoka kwa kikundi kingine na kutaja kuku wakati wenyewe wanalima mboga. Andikeni yenu. Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne, bamia inaanza kama siku 50 hadi 60. Onyesheni matuta mangapi ni ya mchicha wa kulipa marejesho ya mwanzo na mangapi ni ya bamia, mapipa ya maji mnayomwagia kwa siku, bei ya fungu sokoni wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Na kabla ya kusaini, someni tarehe ya rejesho la kwanza. Kikundi kinachoanza kulipa kabla ya mavuno ya kwanza huchanga kutoka mifukoni, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Mkihitaji fedha zaidi siku za mbele, ulizeni benki yenu kama mkopo unaweza kuingizwa kwenye mfuko wa dhamana wa TADB, Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Maombi hayo hupitia benki inayowakopesha. Dhamana hiyo inamlinda mkopeshaji kwa sehemu ya fedha. Deni linabaki lenu lote.

SWALI: Nilinunua ekari kumi Kilosa. Karatasi ina mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili. Sasa kuna mtu ameingiza trekta, anasema aliuziwa na muuzaji yule yule. Niende polisi au mahakamani? – Mzee wa Ubungo

JIBU: Shikamoo, mzee. Polisi wanaweza kumshughulikia muuzaji kwa udanganyifu, na ni vizuri ukafungua jalada. Lakini shamba halitarudi kwa njia hiyo, na karatasi uliyo nayo ni dhaifu.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Hiyo ni halmashauri yenye wajumbe 15 hadi 25. Mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kuidhinisha mauzo, na hata mwenyekiti wa kijiji hawezi kuyaidhinisha akiwa peke yake. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, mwenzako ana muhtasari wa kikao? Kama naye ana mhuri wa kitongoji tu, mko sawa, na anayewahi kwenda kijijini ana nafasi nzuri zaidi. Mwandikie mtendaji wa kijiji barua, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, ukiomba suala liingizwe kwenye kikao. Ambatisha karatasi ya mauzo, ushahidi wa malipo, majina ya majirani wa pande zote nne, na ridhaa ya mwenza wa muuzaji kama unayo.

Uliza pia, tena kwa maandishi, kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi na eneo lako limetengwa kwa ajili gani. Kilosa ni wilaya yenye migogoro ya muda mrefu kati ya wakulima na wafugaji. Ukiwa ndani ya eneo la malisho, hata ukimshinda huyu wa trekta, ng'ombe watakuja kihalali.

Kikao kikishindikana, mnaanza Baraza la Ardhi la Kijiji, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likikwama, au siku 30 zikipita, unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dai hati ya Baraza la Kata inayosema usuluhishi umeshindikana. Bila hiyo, kama siku 30 hazijapita, shauri lako linaweza kutupwa siku ya kwanza na ukapoteza nauli na ada. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, ila usiutegemee, maana kila msimu anaolima unampa mazao ya kuonyesha na mashahidi wapya.

Msaada wa sheria bila malipo upo hapa Dar: TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Huko Kilosa, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya majina ya wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Wao hawatakudai hela.

SWALI: Mama yangu yuko Rufiji, ni mjane, hana kipato. Naweza kumwandikisha TASAF kutoka huku? – Msomaji, Temeke

JIBU: Huwezi. Kaya maskini za kusaidiwa na mfuko huu wa TASAF zinatajwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya majirani, kisha taarifa zinakusanywa na kuhakikiwa. Mwambie mtendaji hali yake sasa, hakikisha ana kitambulisho, na siku ya mkutano awepo yeye mwenyewe au ndugu wa kumsemea. Hakuna ada. Anayetaka hela ili kuingiza jina, mtaje kwenye mkutano huo huo.

SWALI: Nataka kuonana na wataalamu wengi kwa siku moja. Inawezekana? – Msomaji, Kimara

JIBU: Ndiyo, kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Kanda ya Mashariki, ambayo Dar es Salaam imo, inafanyia Morogoro kwenye uwanja wa Mwalimu Nyerere, kilele tarehe 8 Agosti. Kwa treni ya SGR unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Usiende siku ya kilele, msongamano haukupi nafasi ya kuuliza. Tarehe 3 au 4 ni nzuri zaidi. Anzia TARI, pita TOSCI, kisha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kama una tatizo la wadudu au dawa zake. Tafuta pia banda la MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanza mwaka 1993 wenye makao Morogoro hapo hapo, uulize kikundi kilicho karibu na shamba lako. Beba picha za mimea, majibu ya udongo na daftari lenye maswali uliyoyaandika nyumbani, na kwa kila mtaalamu andika jina, kituo anachofanyia kazi na namba ya ofisi.