Mafunzo ya sabuni umemaliza, mtaji huna

Dada yangu, nimekuelewa: umehitimu mafunzo ya kutengeneza sabuni SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wateja kijijini wapo, ila mumeo anakusukuma ukope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Tafadhali, usikope huko. Marejesho huanza kabla sabuni haijauzika, na ukichelewa wanabeba hadi godoro.

Anza na ndoo moja ya sabuni ya maji, uwapimie wateja kwenye chupa zao. Kila shilingi iandike kwenye daftari, na hela ya biashara isichanganyike na ya unga. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama, si kwenye kuchanganya dawa za sabuni. (Dawa zenyewe zinaunguza, vaa glavu, watoto wakae mbali.)

Mtaji mkubwa muulizie afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake, bila riba. Wenzako wa kikundi wachague kwa uaminifu, si kwa udugu, maana mmoja akitoroka deni linawabakia ninyi.

Mumeo mwonyeshe daftari mapema. Ila akianza kukunyang'anya mauzo au kukupiga, nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi, usisubiri.