Maswali na majibu: Matengenezo ya feri yafuate kalenda au saa za injini?

SWALI: Mhandisi, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni fundi mkuu wa feri ya abiria na magari katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Tuna injini mbili, jenereta na pampu moja ya zimamoto. Mwenye chombo anataka kila kitu kihudumiwe mwisho wa mwezi, nami naona tufuate saa za injini. Kumbukumbu zetu ni kaunta buku moja tunamoandika tarehe, kazi na neno "tayari". Je, mpango upi ni sahihi, na daftari hilo linatosha?

JIBU: Ndugu Fundi, kuhusu mpango kila mmoja wenu ameshika upande mmoja wa jambo. Sehemu zinazochakaa kwa kuzunguka hufuata saa za kazi, na zile zinazozeeka hata chombo kikiwa kimefungwa gatini, kama mipira ya mabomba, mitungi ya kuzimia moto na maboya ya kuokolea, hufuata kalenda. Mtengenezaji akiagiza oili ibadilishwe kila saa 250, injini inayofanya kazi saa 10 kwa siku hufikia kiwango hicho baada ya siku 25, ilhali inayofanya kazi saa 3 huchukua siku 83 hivi. Kwa hiyo ukishika mwisho wa mwezi pekee, ya kwanza utaichelewesha na ya pili utamwaga oili ambayo bado ni nzuri. Vitabu vingi vya injini hutaja saa pamoja na miezi, na kinachofuatwa ni kile kitakachotangulia.

Hata hivyo, aliyeandika kitabu cha injini hakuyajua magugumaji ya Kisumu. Kichujio cha maji ya kupoozea, ambacho kwingine husafishwa mara moja kwa wiki, kwenu huenda kikahitaji kufunguliwa kabla ya kila safari upepo unapoyasukuma magugu hadi gatini. Vilevile, ziwa lenu ni la maji baridi: vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya meli za baharini ili vilike badala ya chuma hujifunika utando katika maji yasiyo na chumvi na kuacha kufanya kazi, kwa hiyo magnesi ndiyo inayofaa. Nimeona orodha za matengenezo zilizonakiliwa kutoka meli za bahari zikiwa na mstari wa zinki, na mafundi wakiutia alama kwa uaminifu mwaka hadi mwaka.

Daftari lenu, kwa maoni yangu, ndilo lenye kasoro kubwa zaidi. Neno "tayari" linathibitisha kwamba mtu alishika kalamu, basi. Andika saa zilizosomwa kwenye mita, kilichokutwa, kilichopimwa, spea iliyotumika na jina la aliyefanya kazi. Ukiandika joto la maji ya injini, andika pia mizunguko kwa dakika, kwa sababu nyuzi 82 injini ikiwa na mzigo kamili si sawa na nyuzi 82 ikizunguka bila mzigo gatini. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, hiyo ni dalili ya maji kuingia ndani, nayo iandikwe hata kama hujajua yanapitia wapi. Kiasi cha magugu kilichotolewa kwenye kichujio pia kiandikwe. Baada ya msimu mmoja daftari lenyewe litakuonyesha ni lini muda upunguzwe na ni lini uongezwe.

Kuna mfano mzuri wa kuigwa hapa. Kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama, ISM, zilizoanza kuwa lazima kwa meli za abiria za safari za kimataifa baharini tarehe 1 Julai 1998, zinataka katika kifungu cha 10 kwamba ukaguzi ufanywe kwa vipindi vinavyofaa, kasoro iripotiwe pamoja na chanzo chake kikijulikana, na kumbukumbu zitunzwe. Hazikuandikwa kwa ajili ya feri za ghuba, lakini kifungu hicho kinakufaa, hasa pale kinapotaka vibainishwe vifaa ambavyo vikiharibika ghafla huleta hatari, na vya akiba vijaribiwe mara kwa mara. Pampu yenu ya zimamoto ni moja, nayo hukaa kimya siku nyingi. Kuiwasha na kuisikia ikinguruma hakutoshi. Unganisha mpira wa maji, toa maji, soma shinikizo na uliandike.

Mwisho ni kazi zinazoahirishwa, ambazo daftari la "tayari" halina mahali pa kuziweka. Spea ikichelewa, andika sababu, tarehe mpya, tahadhari mtakayochukua hadi hapo, na sahihi ya mwenye chombo aliyekubali feri iendelee kusafiri katika hali hiyo. Wenye vyombo wengine hawapendi kutia sahihi hiyo, na mara nyingi spea hufika siku ya pili yake. Kosa la maandishi likatwe kwa mstari mmoja bila kufutwa, na nakala ya kurasa ikae ofisini, nchi kavu.