Milksheki ya matunda kutoka majimaji na kujitenga: punguza maziwa, acha barafu

Mkuu, umesema unaweka ndizi mbili, embe moja, vikombe viwili vya maziwa na barafu za kutosha, unasaga dakika tatu, na unachopata ni kinywaji chepesi chenye chembe za barafu. Kikikaa kidogo tu kinajigawa, povu juu na maji chini. Umeuliza kama ununue blenda yenye nguvu zaidi. Usinunue kwanza. Kwa vipimo hivyo hata mashine kubwa ya mgahawani itakupa kitu kilekile.

Hesabu unachomimina. Vikombe viwili vya maziwa ni kama nusu lita. Barafu sita za trei ya kawaida zina zaidi ya mililita 100 za maji. Ndizi mbili na nyama ya embe moja zinafika gramu 400 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo nayo ni maji. Hapo uzito utoke wapi? Barafu yenyewe ina madhara mawili kwa wakati mmoja: visu vinaivunja vipandevipande bila kuiyeyusha, ndiyo chembe unazozisikia kwenye meno, na baada ya dakika chache vipande hivyo vinayeyuka na kuzimua ladha yote. Ubaridi wa milksheki utoke kwenye tunda lenyewe. Tunda lililoganda linapoza kama barafu, linaleta uzito, na likiyeyuka linaacha tunda, si maji matupu.

Kugandisha matunda kuna utaratibu wake, na hapa ndipo wengi wanaharakisha. Ndizi iwe imeiva mpaka ganda lina madoadoa ya kahawia. Hapo wanga wake umeshageuka sukari na nyama yake inasagika laini kabisa. Ndizi yenye ncha za kijani inaleta ukakasi mdomoni hata uisage vipi. Menya kabla ya kugandisha, maana ganda likishaganda pamoja na nyama utahangaika kulitoa. Kata vipande vya unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, vipange kwenye trei au sahani bapa iliyotandikwa karatasi ya kuokea, visigusane, uweke friza saa 4 hadi 6. Vikishakuwa vigumu ndipo uvimimine kwenye mfuko, ukamue hewa, ufunge. Ukitupa ndizi ambazo hazijaganda moja kwa moja kwenye mfuko zinagandana bonge moja kama tofali, na bonge hilo ndilo linaloua blenda. Kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri zinakaa vizuri miezi miwili. Zaidi ya hapo zinaanza kubeba harufu za vitu vingine. Kama hutaki zipate rangi ya kahawia, zipake maji kidogo ya limau kabla ya kugandisha.

Embe likate vipande vya sentimita mbili. Kama ni lile lenye nyuzinyuzi, usiligandishe vipande: saga nyama yake peke yake, chuja, kisha mimina kwenye trei ya barafu. Stroberi zioshe zikiwa bado na vikonyo ili zisinywe maji, ndipo uvitoe, na uzikaushe kwa kitambaa kabla hazijaingia friza. Zikiingia na maji, kila moja inavaa koti la barafu na unarudi kwenye tatizo la mwanzo. Parachichi halina haja ya kugandishwa, kwa sababu kazi yake ni mafuta, si ubaridi. Tikiti maji liache kwa ajili ya juisi. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji na halitakupa uzito hata kidogo.

Kipimo ninachokitegemea ni gramu 300 za matunda yaliyoganda kwa mililita 200 za maziwa. Hiyo inatoa glasi mbili za milksheki nzito inayopanda kwenye mrija mnene. Ukitaka ya kunywa kwa mdomo bila kusubiri, peleka maziwa mpaka 250. Ukitaka ya kula kwa kijiko, shuka mpaka 150, lakini jiandae kusimamisha blenda mara kwa mara. Kama huna mizani, kikombe cha mililita 250 kilichojaa vipande vilivyoganda kina kama gramu 150, kwa hiyo vikombe viwili vya matunda kwa kikombe kimoja kisichojaa cha maziwa. Shika hapo kwanza ndipo ubadilishe vingine.

Ulaini wa krimu ni jambo jingine tofauti na uzito, na unatoka kwenye mafuta na protini za maziwa. Tumia maziwa yasiyopunguzwa mafuta, yawe yametoka kwenye friji na si mezani. Kitu chenye faida kubwa kuliko vyote kwa gharama ndogo ni maziwa ya unga: vijiko viwili vya chakula kwenye mililita 200 vinaongeza mwili wa kinywaji bila kuongeza maji. Koroga unga huo kwenye maziwa kwanza, usiutupe juu ya matunda yaliyoganda, la sivyo utakuta mabonge makavu ubavuni mwa jagi. Mtindi mzito, vijiko vitatu, unaleta ulaini na uchachu kidogo unaofaa sana embe na stroberi. Robo ya parachichi inafanya kazi ya krimu karibu yote, na ikichanganywa na embe ladha yake haisikiki. Aiskrimu ya vanila nayo ni nzuri, ila ukiweka vijiko viwili vikubwa punguza maziwa kwa mililita 50 na usiongeze sukari kabla hujaonja.

Na hata kama unatengeneza ya stroberi au ya embe, weka nusu ndizi iliyoganda. Inashikanisha kila kitu.

Kwa hiyo matunda yako yaleyale yawe hivi: embe lililoganda gramu 200, ndizi iliyoganda gramu 100, maziwa baridi mililita 200, maziwa ya unga vijiko viwili vya chakula, asali kijiko kimoja cha chai, na chumvi kidogo sana, ile inayoshikika kati ya vidole viwili. Chumvi usiiruke. Haitasikika, lakini inaamsha utamu wa tunda.

Mpangilio ndani ya jagi una maana. Maziwa yaliyokorogwa asali chini, kisha vitu laini, matunda yaliyoganda juu kabisa. Visu vinahitaji kitu cha majimaji cha kuanzia ndipo vivute vigumu kwenda chini. Jagi lisizidi theluthi mbili. Anza mwendo wa chini sekunde 15 hadi 20, usikie vipande vikubwa vikivunjika, kisha panda mwendo wa juu sekunde 30 hadi 45. Tazama uso wa juu: ikiwa sawa, katikati kunakuwa na kishimo na mchanganyiko unajikunja taratibu kutoka pembeni kuingia humo, mzito, bila kurukaruka. Ukiona maji yanapiga ukutani na povu linapanda, umezidisha maziwa. Ukiona vipande vya juu vimetulia kabisa huku mota imeanza kulia sauti nyembamba ya juu, ujue visu vimetengeneza mfuko wa hewa na vinazunguka bila kugusa kitu. Kuongeza mwendo hapo hakusaidii, kunachosha mota tu. Zima, chomoa, sukuma matunda chini kwa mwiko au kijiko kirefu, ongeza maziwa vijiko viwili tu, washa tena. Mara nyingi vijiko hivyo viwili vinatosha. Watu humwaga nusu kikombe kwa hasira, na milksheki inaharibikia hapo.

Kwa blenda ndogo, acha matunda nje ya friza dakika 5 kabla ya kusaga, na usage kwa mafungu mawili. Ukinusa harufu ya mpira kuungua, zima uipumzishe, usiseme unamalizia.

Dakika tatu ulizokuwa unasaga ni nyingi mno. Visu vikizunguka muda mrefu vinazalisha joto, na pia vinaingiza hewa. Hewa hiyo ndiyo povu lako: vibofu vinapanda juu vikibeba nyuzi za tunda, na maji yanabaki chini. Kwa hiyo kujitenga kunatokana na mambo mawili, maji mengi kuliko uwezo wa tunda kuyashika, na kusaga kupita kiasi. Rekebisha yote mawili na kinywaji kitatulia robo saa na zaidi bila kugawanyika.

Utamu una mtego mmoja. Ulimi ukiwa baridi unasikia sukari kidogo, kwa hiyo mchanganyiko uliouonja kabla ya kuweka matunda yaliyoganda na kuona umekolea, ukishapoa utaonekana umepooza. Onja mwishoni. Asali inaganda kama gundi ikiguswa na tunda la friza, kwa hiyo iyeyushe kwenye maziwa kabla. Sukari ya chengachenga nayo haiyeyuki vizuri kwenye ubaridi. Iyeyushe kwenye maji moto kiasi hichohicho, ipoe, utumie hiyo. Tende ni bora kuliko vyote kwangu: toa kokwa, loweka tende tatu kwenye maji moto dakika 10, zisage na maziwa mpaka zipotee, ndipo uongeze matunda. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe yenye asali kabisa.

Kuna wenzetu wamelalamika juu ya uchungu na mabonge, na haya ni matatizo mawili tofauti yanayochanganywa kila siku. Uchungu unatoka kwenye papai, nanasi lisilopikwa na kiwi. Matunda haya yana vimeng'enya vinavyokatakata protini za maziwa, na vipande vya protini vinavyobaki ni vichungu. Unaonja sasa hivi ni tamu, ukirudi baada ya saa moja hainyweki. Kugandisha kunavipunguzia kasi vimeng'enya lakini hakuviui. Joto ndilo linaviua. Nanasi lichemshe vipande vyake dakika 5, lipoe, kisha ligandishe, au tumia la kopo ambalo limeshapitia moto. Papai likiiva sana lina vimeng'enya vichache kuliko lile bichi, kwa hiyo saga na unywe papo hapo, usiweke akiba. Ukitaka kuepuka kabisa, tumia tui la nazi badala ya maziwa.

Mabonge ni kazi ya asidi. Pasheni, chungwa na limau vinatia maziwa asidi mpaka protini zinashikamana na maziwa yanakatika. Hayana madhara, ila yanakera macho na ulimi. Hapa dawa ni mtindi: wenyewe umeshaganda kwa asidi, hauna la kukatika tena. Kwa milksheki ya pasheni mimi huacha maziwa na kutumia mtindi mililita 150 na maji baridi mililita 50, nikitegemea ndizi kwa utamu.

Tui la nazi nalo lina tabia yake. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo tui zito likikaa friji linatoa vidonge vyeupe, na ukilisaga na matunda ya baridi vidonge vinaongezeka na kuacha utando wa mafuta mdomoni. Lizimue nusu kwa nusu na maji, na lisiwe la friji. Matunda yatalipoza yenyewe. Maziwa ya soya yanakwenda bila shida, ongeza tu robo ya parachichi kwa sababu mafuta yake ni machache.

Glasi iweke friza dakika 15 kabla ya kumimina, lakini isiwe imetoka kwenye maji ya moto, inaweza kupasuka. Iliyobaki usiiache mezani zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali, zaidi ya nyuzi 32, iwe saa moja. Badala ya kuiweka friji, imimine kwenye trei ya barafu. Kesho yake saga vipande hivyo na maziwa mililita 50, inarudi ilivyokuwa, isipokuwa ile ya papai.

Ukimaliza, maji ya uvuguvugu nusu jagi na tone la sabuni, washa sekunde 30, suuza. Kisha fungua kitako cha visu kama kinafunguka, utoe ule mpira wa duara, uuoshe pande zote mbili na uukaushe kabla ya kuurudisha. Maziwa hujificha chini yake, na ile harufu ya uvundo ambayo watu huisingizia ndizi hutokea hapo.