Benki kumkopesha asiye na makaratasi Marekani: ni kweli, ila sikieni na upande wa pili

Wadogo zangu, mmeniuliza kama ni kweli huku Marekani mtu asiye na makaratasi anakopeshwa na benki. Kuna jamaa kawatumia picha za nyumba na gari, akasema kavipata vyote bila kibali. Nasikia mmoja wenu ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja cha Chanika apate nauli. Najibu hapa wote msikie.

Ni kweli. Hakuna sheria ya nchi nzima inayoikataza benki kumkopesha mtu wa namna hiyo. Akaunti, benki nyingi zinafungua kwa pasipoti. Mkopo unahitaji ITIN, namba ya mlipa kodi ambayo IRS, yaani TRA ya huku, inaitoa tangu 1996 kwa wasioweza kupata namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ambayo huku ndiyo inayomtambulisha mtu. Mwaka 2007 Bank of America ilianza kujaribu huko Los Angeles kuwapa kadi za mkopo wateja wasio na namba ya Social Security. Kelele zikawa nyingi, lakini biashara hiyo haikufa. Leo utaikuta zaidi kwenye vyama vya akiba na mikopo na benki ndogondogo.

Sasa bei yake. Wengi wanaanza na kadi ya dhamana: unaweka dola zako 200 au 300, na hicho ndicho kiasi unachoruhusiwa kukopa. Unalipa bila kuchelewa kwa miezi kama sita ndipo alama zako za mkopo, yaani alama zinazoonyesha unavyolipa madeni, zianze kuonekana. Huku bila alama hizo hata nyumba ya kupanga unaweza kuikosa. Ukitaka kununua nyumba kwa ITIN, unatanguliza fedha nyingi, na riba iko juu kuliko ya mwenye kibali. Fannie Mae na Freddie Mac, wanaonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, hawanunui wa asiye na kibali. Benki inabaki na hatari yote, na gharama yake inakushushia wewe.

Anayekosa hata hayo anaishia kwa wakopeshaji wa kusubiri mshahara: unatozwa dola 15 kwa kila 100 unazokopa, na ni kwa wiki mbili tu. Kwa mwaka ni karibu asilimia 390! Wabeba boksi wenzangu wanamalizwa huko, na inaniuma sana.

Jambo ambalo huyo jamaa hakuwaambia ni kwamba mkopo haukupi haki ya kukaa hata siku moja. Mwaka 2025, mwezi wa Aprili, IRS ilitia saini makubaliano ya kuipa ICE, idara inayokamata na kuwarudisha makwao wasio na makaratasi, taarifa za walipa kodi. Kesi zikafunguliwa mahakamani, lakini fikirieni mtu aliyelipa kodi miaka yote kwa uaminifu, leo anaogopa anwani aliyoijaza mwenyewe kwenye fomu. Akirudishwa nyumbani, deni linaendelea kudaiwa. Asipolipa, gari litachukuliwa, nyumba itanadiwa, na jasho lake linaweza kupotea lote.

Kwa hiyo kiwanja msiuze kwa ajili ya picha. Na kama mna ndugu ambaye yuko huku tayari na ana mkopo, mwambieni aende kwa wakili sasa, amwandikie hati ya uwakilishi mtu mwenye makaratasi anayemwamini, ili akikamatwa awepo wa kuliuza gari au nyumba kabla benki haijaichukua.