Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Wembe, Yenye Meno au Yenye Ukingo?

SWALI: Assalaam alaykum. Shingo yangu haiishi vipele, na kwa sababu hiyo nimeamua kuachana na nyembe za plastiki zenye makali matatu, ninunue mashine ya chuma inayotiwa wembe mmoja. Nywele zangu ni za kujisokota. Hunyoa mara moja kwa juma, asubuhi ya Ijumaa, mashavu na shingo tu, kidevu nakiacha. Ndugu yangu aliyeko Ujerumani amejitolea kuniletea Mühle R41 au Merkur 15C, zote mbili zikiwa na meno kama ya chanuo, naye anashikilia kwamba hiyo ya kwanza ndiyo inyoayo barabara. Nichague ipi, na meno hayo yana kazi gani?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mwambie nduguyo akuletee Merkur 15C, na hiyo R41 aibakize huko huko, kwani kwa shingo uliyoieleza itakuwa adhabu.

Nianze na meno. Katika mashine ya ukingo, upande wa chini wa wembe una kizuizi kizima kinachotangulia juu ya ngozi, na kizuizi hicho, pamoja na kuinyoosha ngozi, hukomba sehemu kubwa ya povu na kuzilaza nywele ndefu kabla makali hayajazifikia. Meno huacha nafasi, povu na nywele zikapita katikati yake na kuukuta wembe zikiwa bado zimesimama. Anyoaye kila siku hataiona sana tofauti hiyo. Wewe uachaye ndevu za siku saba utaiona mara moja, kwa sababu mashine ya ukingo itajaa nywele na povu baada ya mikupuo mitatu au minne, nawe utakuwa kazi yako ni kuisuuza. Kwa hiyo katika kupenda meno hukukosea.

Kosa ni kudhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba meno ndiyo yanayoifanya mashine iwe kali. Ukali hutokana na mambo mawili mengine: upana wa pengo lililoko kati ya makali na bamba la chini, na kadiri wembe unavyochungulia nje ya kifuniko chake. Mashine ya meno yaweza kuwa na pengo dogo na wembe wenye haya, ikanyoa kwa upole. Na hivyo ndivyo ilivyo Merkur 15C. R41 ina pengo pana na wembe uliochomoza, nayo imepata sifa ya kuwa miongoni mwa mashine kali kabisa zinazouzwa madukani. Watengenezaji wake wenyewe huuza pia R89, yenye ukingo na tabia ya upole, kwa ajili ya watu wa kawaida. Katikati ya hizo mbili ulizozitaja ningeiweka Fatip Piccolo ya Italia, ambayo hukata vizuri lakini ina kasoro moja: wembe wake hauketi sawa kila mara, na yafaa kuutazama pande zote mbili kabla ya kukaza mpini.

Isitoshe, meno ndiyo yaliyotangulia. Mmarekani King Camp Gillette, mwanzilishi wa kampuni ya Gillette, alipoanza kuuza mashine zake mwaka 1903 aliuza 51 tu, na mwaka uliofuata zikauzwa 90,884, zote za meno. Ukingo mzima ulikuja kuenea baadaye, hasa kwa mashine iliyoitwa Tech ya miaka ya 1930. Wazee walionyoa kwa meno hawakuwa mashujaa. Hiyo ndiyo mashine iliyokuwako.

Sasa vipele. Unywele wa kujisokota ukikatwa chini ya uso wa ngozi, ncha yake hupinda unapoota tena na kuichoma ngozi kutoka ndani, na hapo ndipo pavimbapo. Makali matatu husababisha jambo hilo kwa urahisi, kwa kuwa la kwanza huuvuta unywele na la pili hulikata shina lililovutwa, kisha likarudi ndani. R41 yaweza kukufikisha pale pale kwa njia nyingine, yaani kwa kunyoa karibu mno, hasa ukiipandisha kinyume cha nywele. Nakusihi unyoe mkupuo mmoja tu, kufuata nywele zilalako, bila kukandamiza, wembe ukiinama kiasi cha nyuzi 30 juu ya ngozi. Uzito wake unatosha. Kwanza pitisha kidole shingoni ujue nywele zimelala upande gani, maana za shingo mara nyingi hulala ubavuni na si chini. Jioni ukipapasa na kuhisi ukwaru kidogo, usirudi kuufuta. Vipele vikitoa usaha, acha kunyoa mpaka vipone, na umwone daktari.

Maji nayo yasisahauliwe. Sabuni haitoi povu la maana kwa maji ya kisima yenye chumvi, na povu hafifu huharibu kazi ya mashine yoyote. Ukiwa na maji ya mvua ya jabia, weka kopo moja kwa ajili ya ndevu. Merkur 15C ni ya mchanganyiko wa zinki uliopakwa kromu, na kromu ikibanduka, hewa ya bahari haitaihurumia. Ifungue, isuuze, ikaushe. Shaba huvumilia zaidi, kama siwa ya Lamu, lile baragumu la kale lililoko makumbusho, inavyoshuhudia. Na usiiangushe: yangu ya kwanza ilinitoka mkononi ikapiga sakafu ya saruji, jino la pembeni likapinda, na tangu siku hiyo ikawa inanikwaruza shavu moja tu, la kushoto.

SWALI: Nimerithi mashine ya meno ya marehemu babu, ya shaba, Gillette ya zamani. Je, nyembe za siku hizi zitaingia?
Msomaji, Malindi

JIBU: Zitaingia, kwa sababu uwazi wa katikati ya wembe wa leo huvipokea vijiti vya mashine hizo. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki uliochakaa, bila kuiloweka katika siki, ambayo huula mpako wake. Kisha kagua vitu viwili: kama meno yote yamenyooka, na kama shingo ya mpini haina ufa, kwani mipini ya zamani hupasuka hapo. Ukiona ufa, usikaze kwa nguvu. Tafuta mpini mwingine.