Enguerrand wa Coucy: mfungwa au rehani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kuna huyu bwana wa Kifaransa, Enguerrand wa Coucy, nimesoma alikuwa mateka Uingereza kuanzia 1360 halafu huyohuyo akaoa binti wa mfalme wa Uingereza. Sasa mateka anamuoaje binti wa aliyemshika? Na kwao hawakumuita msaliti?

Jibu: Marahaba. Kinachokuchanganya ni hilo neno mateka, limebeba watu wa aina mbili. Kuna aliyekamatwa vitani, huyu ana bei yake, akilipa anaenda zake. Halafu kuna aliyewekwa rehani kwa deni la mwingine, yaani kama unavyoweka simu bondi kwa jamaa, simu haijakosa kitu ila itakaa huko mpaka uende kuikomboa. Coucy alikuwa simu.

Deni lilikuwa la mfalme wa Ufaransa, Jean II. Waingereza walimkamata kwenye vita ya Poitiers 1356, na kwenye mkataba wa Brétigny wa 1360 bei yake ikapangwa ekyu milioni 3, hizo ni sarafu za dhahabu za Kifaransa. Ufaransa haikuwa na hela hiyo, vita na tauni vimeshaikausha, basi ikatoka ya kianzio, mfalme akaachiwa akatafute salio na huku nyuma wakabaki watu: wanawe mwenyewe, mabwana wakubwa, mpaka matajiri wa mijini. Coucy alikuwa na miaka kama 20 hivi lakini alikuwa na ngome kule Picardie, kaskazini mwa Ufaransa, yenye mnara wa mawe wa mita kama 54 kwenda juu, piga hesabu ni ghorofa ngapi hizo, na umejengwa karne ya 13! Rehani ya maana kabisa.

Sasa usiwaze minyororo. Rehani wa hadhi hiyo anakula kiapo kwamba hatoroki, baada ya hapo anawinda, anacheza dansi ikulu, na gharama zake anajilipia mwenyewe. Kinachomfunga ni kile kiapo tu. Mtoto wa mfalme, Louis wa Anjou, alikivunja akasepa 1363, na baba mtu akarudi London mwenyewe kwa miguu yake, akafia hukohuko Aprili 1364. Wanafunzi wangu hapo huwa wanabisha balaa.

Ndo maana ndoa iliwezekana. Isabella, binti mkubwa wa Edward III mfalme wa Uingereza, alikuwa na miaka 33, Coucy 25, wakafunga ndoa Windsor Julai 1365. Edward akamwachia mkwe wake bila kudai kitu, akamrudishia na mashamba ya wazee wake kaskazini mwa Uingereza, mwaka uliofuata akampa cheo cha Earl wa Bedford. Mi naona alikuwa ananunua, mkwe mwenye ngome kubwa Picardie si mtu wa kumwacha hivihivi.

Kuhusu usaliti, mambo yalibana 1369 vita ya Uingereza na Ufaransa ilipoanza upya. Zama zile ardhi ya namna hiyo unapewa kwa kiapo cha utii, na yeye alikuwa nayo kwa wafalme wawili, kwa hiyo kiapo kwa wote wawili. Alichofanya ni kwenda kupigana kwingine, Italia upande wa Papa, halafu 1375 akaingia Uswisi kudai urithi wa mama yake kwa ukoo wa Habsburg. Alipokufa Edward 1377 ndo akachagua: akamwandikia mfalme mpya wa Uingereza, Richard II, kwamba vyeo na ardhi za Uingereza basi, na nishani ya Garter, ile ya heshima kubwa ya Uingereza, akairudisha. Binti yao mmoja, Marie, akabaki Ufaransa, mdogo Philippa akawa wa Uingereza.

Mfungwa wa kweli alikuja kuwa uzeeni. Waosmani, yaani Waturuki, walimkamata kwenye vita ya Nicopolis, 25 Septemba 1396, na safari hii alikuwa na bei yake kabisa, ila alifia Bursa, mji wa Waosmani, Februari 1397, miezi kadhaa kabla hawajakubaliana dukati 200,000, sarafu za dhahabu, kwa kundi zima la mabwana waliobaki.