Je, ushuru wa uchakavu unamwonea mwenye kipato kidogo?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilipoingiza taarifa za gari dogo la mwaka 2011 kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), nilikuta ushuru wa uchakavu juu ya forodha na VAT. Jirani yangu ameagiza gari aina ya jeep la miaka mitano lenye injini kubwa, na ushuru huo haukumgusa. Kama lengo ni kulinda mazingira, mbona anayebanwa ni mimi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Lalamiko lako lina msingi. Ushuru huo hufuata umri wa gari kuukuu linaloagizwa kutoka nje: gari la miaka minane hadi kumi hutozwa asilimia 15, na lililozidi kumi asilimia 30. Tuseme gari lako limethaminiwa shilingi milioni 10 pamoja na bima na usafirishaji. Likiongezwa forodha ya asilimia 25 linafikia milioni 12.5, na asilimia 30 ya hapo ni 3,750,000, kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa hata juu ya ushuru huo, yaani 675,000 nyingine. Jirani yako hulipia ukubwa wa injini, asilimia 10 kwa iliyozidi CC 2,000, lakini kwa umri halipi kitu.

Kasoro kubwa ni kwamba umri si moshi. Gari kuukuu linalotoka Jumapili kwenda kanisani hutozwa sawa na linalozunguka mjini kutwa, na kwa kuwa malipo hufanyika mara moja tu bandarini, mwenye gari hana sababu ya kuitunza injini baada ya hapo.

Wapo wanaosema afadhali kutoza mafuta, kwa kuwa anayeendesha sana ndiye anayechafua sana. Hoja hiyo ni nzuri, ila mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa, mzigo ulihamishiwa kwenye mafuta kwa shilingi 40 kwa lita, na mafuta ya taa hayakuachwa. Sababu iliyokuwapo ya kuyatoza ni kuzuia uchakachuaji, yaani kuchanganya mafuta ya taa ya bei nafuu na dizeli au petroli, nayo ni ya kweli. Lakini mwenye kibatari, asiye na hata baiskeli, aliingizwa kuchangia ada aliyosamehewa mwenye gari. Kwangu mimi, huyo ameonewa kuliko wewe, maana kaya maskini kabisa hazinunui gari la umri wowote.

Kodi ya namna hii ingekuwa na haki zaidi kama ingepima moshi wenyewe, na sehemu ya mapato ikarudi kwenye mabasi ya umma wanayopanda wasio na magari.

Kwa sasa, linganisha gari lako na la miaka saba. Bei yake Japani itakuwa juu, lakini ukiondoa ushuru wa uchakavu na VAT yake, huenda tofauti ikawa ndogo kuliko unavyodhani.